UZI: Kupiga picha madaraja, reli na barabara ukiwa safarini, kuanzia Wami, TAZARA mpaka Busisi

Wakuu habari za muda huu.

Hii mada nimeikalia miaka, leo nimeona niiweke hapa, maana wiki iliyopita nilikuwa natafuta picha moja kwenye simu zangu za zamani, kwenye flashi, mpaka kwenye kompyuta ya kazini na sikuipata, na ukweli ni kwamba haijawahi kuwepo. Picha yenyewe ni ya daraja la zamani la Wami. Lile jembamba la mwaka 1959, njia moja, gari la upande huu linasubiri la upande ule limalize kupita, basi linateremka kona taratibu watu wote mnanyamaza, chini mto umetulia na kuna mtu lazima aseme mle kuna mamba.

Mi kwetu Tanga. Pale nimepita tangu nabebwa mgongoni. Nimepita nikienda shule, nikienda chuo, misiba, harusi, nimepita na maiti ya babu yangu usiku wa saa nane. Sina picha hata moja. Mwaka 2022 daraja jipya likaanza kutumika, lina zaidi ya mita 500, pana, juu kabisa, basi linakatiza kama vile hakuna mto, na lile la zamani limebaki kule bondeni, usipojua wapi pa kutazama huwezi kuliona.

Kwahiyo uzi huu ni kwa ajili ya watu wanaosafiri na kupita kwenye hivi vitu kila siku. Nataka tuongee namna ya kupiga picha inayoeleweka, na namna ya kupiga bila kugombana na walinzi, kwasababu hilo la pili ndo limetufanya wengi wetu tuwe na picha elfu za chakula na hakuna hata moja ya daraja tulilokulia.

NAANZA NA WALINZI

Mwaka 2014 nilisimama kwenye daraja moja kubwa, sitalitaja. Nilikuwa na simu mpya, jua ndo linazama, mto umekuwa wa rangi ya chungwa, nikashuka kwenye gari nikapiga kama picha nne hivi. Filimbi ikalia. "Wewe, njoo hapa." Nilikaa chini ya mwembe masaa mawili, naulizwa natoka wapi, nani kanituma, picha napeleka wapi. Mwisho mlinzi akachukua simu akafuta picha, na hakufuta zile nne tu, alifuta albamu nzima, humo kulikuwa na mahafali ya mdogo wangu. Niliumia sana, na kwa miaka kadhaa nikawa nikiona daraja naficha simu.

Mwaka 2019 nikarudi palepale kwa makusudi. Safari hii gari nikaliacha mbali, simu mfukoni, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Shikamoo afande, naitwa fulani, nafanya kazi fulani, kitambulisho hiki hapa, nilikuwa naomba nipige picha ya daraja, nipige wapi na wapi nisipige? Alikuwa mtu mzima, akanitazama, akakitazama kitambulisho mbele na nyuma, afu akasema, "Hapa juu hapana. Shuka kule kwa wavuvi, piga utakavyo, ila kibanda changu na mimi tusionekane." Nikashuka. Kule chini kwa wavuvi ndo nikakuta picha niliyokuwa naitaka bila kujua, nguzo zimejipanga zinapungua ukubwa mpaka ng'ambo, na mbele yake mtumbwi mmoja umefungwa kwenye kigingi. Ukisimama juu ya daraja hulioni daraja wakuu, unaona lami tu na kingo. Yule afande alinipa eneo zuri kuliko lile nililojichagulia mwenyewe mara ya kwanza.

Sasa kwanini wanakuwa wakali. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inaongelea maeneo yanayolindwa, na ukiona bango la kukataza picha jua hilo si pambo. Ila sheria peke yake haitoshi kuelezea. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalilipua daraja la Kyaka kule Kagera, na jeshi letu ili livuke mto likalazimika kujitengenezea njia ya kuvukia. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia wakalipua madaraja ya mto Chambeshi kule Zambia, la reli ya TAZARA pamoja na la barabara, Zambia ikabanwa. Waliofundisha hawa walinzi wa leo ni watu waliokuwepo enzi zile. Kwahiyo afande akikufuata anakuja na historia nyuma yake, na ukilijua hilo unaongea naye vizuri zaidi, hata mimi hasira ya 2014 ilipungua nilipolielewa hili.

Utaratibu wangu sasa hivi: mtu mwenye kibanda nasalimia kwanza. Mwenye bunduki, kituo cha jeshi, mpakani, bandarini, sitoi simu kabisa. Nikiambiwa hapana nashukuru naondoka, sibishani na sipigi kwa kuiba, maana ukikamatwa unaiba hata aliyekuja na nia nzuri baada yako anaharibikiwa. Droni ndo kabisa, inataka kibali cha TCAA, wale wa usafiri wa anga, na ruhusa ya upande wa wizara ya ulinzi, usije ukairusha juu ya daraja ukidhani hakuna anayeangalia.

Nitaendelea na TAZARA jioni, sasa hivi simu ina chaji asilimia 9.

---

Mdau 1: Mkuu umenigusa na hilo la Wami. Sisi wa Mwanza vivyo hivyo na kivuko cha Kigongo Busisi. Nimelala pale kwenye foleni na mgonjwa, nimekula samaki pale miaka na miaka, leo daraja limefunguliwa watu wanapita dakika chache tu, na kile kivuko sina picha yake hata moja, nina picha ya sahani ya sato tu.

Mdau 2: Subiri jioni nipo hapa. Mimi natumia simu ya kawaida tu Tecno, usije ukaanza kutuambia tununue makamera ya mamilioni.

---

MLETA UZI: Nimerudi. Mdau wa Mwanza, hiyo picha ya sahani usiifute, angalia nyuma ya sahani, mara nyingi pale kivuko kinaonekana. Na daraja lenyewe lipige mapema. Lile la Busisi lina kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na kosa ninaloliona mitandaoni ni watu kulipiga wakiwa juu yake, unaona nyaya na anga basi. Lile daraja uzuri wake ni urefu, kwahiyo urefu unauona ukiwa ufukweni, pembeni kabisa, asubuhi ziwa halijaanza mawimbi, nyaya zake zinajirudia kwenye maji. Ziwa likishapata upepo hakuna tena.

Sasa TAZARA.

Hii reli ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, 975 zipo kwetu na zilizobaki Zambia. Ujenzi ulianza 1970, Agosti 1973 reli ikagusa mpaka wa Zambia, 1976 ikakabidhiwa rasmi. Wengi wanaongelea wanyama, kwamba inapita kwenye hifadhi utaona twiga na tembo dirishani, sawa ni kweli. Ila kwa mtu anayependa madaraja sehemu yenyewe ni Mlimba mpaka Makambako. Ni kilomita kama 157 hivi, na humo ndani kuna madaraja 46 na mahandaki 18. Treni inatoka bonde la Kilombero kwenye joto na mashamba ya mpunga, inapanda milima mpaka kwenye baridi ya Makambako watu wanavaa makoti, na inapanda kwa kujizungusha, inaingia handaki, inatoka juu ya daraja, inaingia handaki lingine, kuna muda unaona njia mliyopita iko chini yenu kabisa.

Safari yangu tulichelewa kuondoka, na kuchelewa kule kukawa heri kwangu kwasababu kulikucha tukiwa tumeshatoka Mlimba. Nilikuwa behewa la daraja la pili, chumba cha vitanda sita, wote wanaume maana kule wanatenganisha, wenzangu wamelala. Nikatoka kwenye korido nikashusha kioo. Ukungu ulikuwa umekaa chini kwenye mabonde kama maziwa kwenye bakuli, mvuke unatoka kwenye majani, harufu ya dizeli ya kichwa cha treni inakuja na kuondoka. Afu tukafika Mpanga. Daraja la mto Mpanga limesimama kwenye nguzo tatu zenye urefu wa mita 50, na ukiwa ndani ya behewa hujui kitu mpaka ardhi inakatika ghafla chini ya dirisha, sauti ya magurudumu inabadilika, ile ngurumo nzito ya kwenye kokoto inakuwa kavu na ya mbali. Nilipiga picha kumi na moja. Kumi hazifai. Ile moja inayofaa niliipiga daraja likiwa limeshapita, treni inakata kona, nikaona mabehewa ya nyuma bado yako juu ya nguzo.

Na hilo ndo la kwanza la kujua kuhusu picha za reli ukiwa ndani ya treni: unahitaji kona. Njia ikinyooka unaona pori. Kona ikija upande wako, yaani wewe uko upande wa ndani wa kona, treni yenu yote inajitokeza, kichwa mbele kama uko nyuma, au mkia kama uko mbele. Kaa behewa la nyuma ukitaka kichwa kionekane kikiingia handaki. Kwenye vyumba dirisha liko upande mmoja na korido iko upande wa pili, kwahiyo usijifungie chumbani, uwe mtu wa kuhama.

Kichwa chako na mikono vibaki ndani. Nasisitiza hili kuliko yote. Kuta za mahandaki zipo karibu sana na mabehewa, miti pia, na giza linakuja bila kuaga. Simu ifunge kamba mkononi, itoe kidogo tu usawa wa kioo inatosha.

Mdau wa Tecno nimekuona. Simu inatosha kabisa ila kuna kitu uelewe. Simu nyingi hazisomi picha yote kwa mkupuo mmoja, zinasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, haraka sana lakini si haraka vya kutosha kwa treni. Ndo maana ukipiga nguzo za umeme au kingo za daraja zilizo karibu na dirisha zinatoka zimelala kama zimesukumwa na upepo, wakati nguzo zimesimama wima. Watu wanadhani mkono ulitetemeka. Dawa yake ni usipige kitu kilicho karibu pembeni yako moja kwa moja, piga kwa mshazari, mbele au nyuma, na piga vya mbali. Mlima uko kilomita tano hauna neno.

Na mwendo wenyewe fikiria hivi. Treni ya kilomita 50 kwa saa inakwenda kama mita 14 kila sekunde. SGR yetu, ile reli mpya ya umeme, ikifika 160 inakwenda mita 44 kwa sekunde. Kwahiyo hata ukiweka shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwenye SGR umeshasogea sentimita 4 na zaidi picha ikiwa inapigwa. TAZARA kwa shata ya sehemu moja ya mia tano unapata picha safi. Ndo maana treni ya pole ni rafiki wa mpiga picha.

---

Mdau 3: SGR mkuu vioo havifunguki na vina giza, picha zote zinatoka na sura yangu.

MLETA UZI: Ndiyo, ule ni mwanga wa ndani unarudi kwenye kioo. Bandika lenzi ya simu kwenye kioo kabisa, igusane, afu zungushia mkono au kanga au hata kofia pembeni. Vaa nguo nyeusi siku hiyo, shati jeupe ndo linaloonekana kwenye kioo kuliko kitu chochote. Na kaa upande ambao jua halipo. Dar kwenda Dodoma asubuhi mi napenda sana kuanzia Kilosa, pale njia inapoingia milimani na mahandaki yanaanza, reli ya zamani ya mita geji unaiona huko chini inafuata mto ile ile njia Wajerumani waliyoianza Dar 1905 wakaifikisha Kigoma 1914. Reli mbili kwenye picha moja, ya juu kwenye nguzo na ya chini inapinda na mto, karne nzima iko pale. Ni sekunde chache tu, uwe tayari.

Ila kwa SGR nina ombi. Msiende kupigia selfi kwenye njia. Ule waya wa juu una volti 25,000, na umeme wa kiwango kile hauhitaji uuguse, ukisogeza fimbo ya selfi karibu tu unaweza kukurukia. Na treni ya umeme haina ngurumo kama ya dizeli, unaisikia imeshafika. Uzio uliowekwa pale ubaki uzio.

---

Mdau 4 (Mombasa): Salamu ndugu zangu wa Tanzania, huu uzi ni mtamu. Huku kwetu SGR ya Mombasa Nairobi ilianza 2017, na mimi nawaambia wageni wangu wote wakitoka Mombasa kwenda Nairobi waketi upande wa kushoto, huko ndiko Kilimanjaro iliko siku mbingu ikiwa safi, na wale wa ndovu wekundu wa Tsavo East wakae kulia. Njia imeinuliwa juu ya tuta kwahivyo waona mbali. Ndovu wale si wekundu kwa kuzaliwa, ni ule mchanga wajirushia. Lakini mimi roho yangu iko kwa ile ya zamani, ile ya usiku, ambayo reli yake ilianza hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Pale mto Tsavo ndipo simba walipokula wajenzi wa daraja mwaka 1898. Abiria wengi wavuka pale na hawajui. Na feri ya Likoni musijaribu kutoa simu kupiga picha, hairuhusiwi, wageni wengi huingia matatani hapo kwa kutojua.

MLETA UZI: Asante sana ndugu yangu wa Mombasa. Hilo la upande wa kuketi ndo taarifa watu wanazihitaji. Treni ya usiku mi sikuwahi kuipanda na imeshaondoka, ndo haya haya ya Wami.

Mdau 5: Mi ni dereva wa lori, napita TANZAM mpaka Tunduma, nashuka Zambia naingia Kongo. Naomba niongee na hawa wanaosimama Kitonga. Kaka zangu na dada zangu, ule mlima unapendeza kweli, mibuyu kule chini, barabara inajikunja kama nyoka, mimi mwenyewe miaka kumi na mbili napita sijauchoka. Lakini mtu anaegesha gari ndogo kwenye kona, anasimama barabarani na mgongo kwangu anapiga picha mkewe. Mi nashuka na tani 30, niko gia ndogo, breki zimepata moto, nikikukuta pale kulia ni korongo kushoto ni mwamba. Nikupeleke wapi? Piga ukiwa abiria, au simama kule chini Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, au ukishamaliza mlima juu kabisa kuna sehemu za kuegesha. Na ukivuka Kasumbalesa simu iwe ndani kabisa, Kongo madaraja na mipaka na majengo ya serikali picha ni marufuku na hawana maongezi marefu.

MLETA UZI: Dereva heshima yako. Hili la Kitonga kila mtu alisome mara mbili. Nakubaliana na wewe asilimia zote, na naongeza kwamba picha nzuri ya Kitonga haipigwi barabarani, ukisimama barabarani unaona kona moja, ukiwa juu unaona kona nne kwa pamoja na malori yanapanda kama siafu. Siti ya mbele ya basi kubwa nayo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, ile ya pembeni ya dereva, kioo kikubwa na uko juu, muombe tu konda asubuhi kabla ya basi halijajaa.

Mdau 6: Mleta uzi na sisi wa Dar tusiosafiri?

MLETA UZI: Dar mbona ndo kuna kazi nyingi kuliko kote. Dar ni jiji lenye reli za vipimo vitatu, yaani upana kati ya chuma na chuma. Mita geji ya reli ya kati milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067, SGR milimita 1,435. Tofauti ya mbili za kwanza kwa macho huioni, ni upana wa vidole vinne tu, lakini behewa la huku haliwezi kuingia kule, ndo maana Kidatu ikajengwa sehemu ya kuhamishia mizigo. Angalia na mataruma, yale yanayolala chini ya vyuma vya reli, ya TAZARA ni ya zege, ya reli ya kati sehemu nyingi ni chuma.

Afu nenda pale makutano ya TAZARA, kuna daraja la juu lilifunguliwa 2018, linaitwa Mfugale, na wengi wanadhani ni mwanasiasa. Ni marehemu mhandisi Patrick Mfugale wa TANROADS, mtu wa madaraja. Mi nalipenda kwasababu ni nadra sana daraja kupewa jina la mtu aliyekuwa anajua kulijenga. Lipige saa kumi na mbili na nusu jioni, anga bado lina bluu kidogo na taa za magari zimewaka, dakika kama ishirini tu hivi, ukichelewa anga linakuwa jeusi na picha inakufa. Simu iegemeze kwenye ukuta au nguzo, weka ile ya kuhesabu sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise.

Daraja la Tanzanite nalo, lina kilomita 1 na kidogo, usiegeshe gari juu, tembea kwa mguu kwenye njia ya watembea kwa miguu maji yakiwa yamekupwa. Maji yakikupwa unaona nguzo mpaka chini kwenye mwamba na watu wanaokota chaza. Yakijaa unaona bahari tu na daraja linaelea. Wengi hawaangalii bamvua (siku maji yanakupwa sana) na maji mafu (siku yanakupwa kidogo) kabla ya kwenda, wanaangalia jua peke yake.

Kitu kingine ambacho nadhani ni muhimu kuliko lenzi zote, andika. Picha ya daraja isiyo na jina la mto ni zege tu. Mi nikipiga naandika palepale, mto gani, kati ya stesheni gani na gani, tarehe, naelekea wapi. Kwenye reli kuna vibao vya kilomita pembeni ya njia, ukiweza kulishika daraja na kibao kwenye picha moja hutahitaji kukumbuka chochote. Nina picha ya daraja moja nzuri sana ya chuma nyeusi, nilipiga nikiwa kwenye basi 2011, mpaka leo sijui ni wapi.

---

Mdau 7 (Makambako): Wakuu nimesoma wote kimya kimya, naomba nichangie kidogo. Baba yangu alifanya kazi kwenye ujenzi wa TAZARA, alikuwa kijana, alibeba zege kule bondeni, sasa hivi ni mzee sana lakini akili ipo. Ana picha moja, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, wako watu tisa na Mchina mmoja, nyuma yao kuna nguzo kubwa bado ina mbao za kujengea. Nyuma imeandikwa kwa kalamu Mpanga 1972. Imebandikwa kwenye fremu ya kioo na pembeni imeanza kupata madoa ya kahawia. Nifanyeje isipotee?

MLETA UZI: Kaka. Nimesoma hii nikasimama.

Kwanza usiivute kutoka kwenye kioo. Picha za zamani zikikaa na unyevu zinagandana na kioo, ukivuta sura za watu zinabaki kwenye kioo. Toa fremu ukutani, ilaze juu ya meza karibu na dirisha ila jua lisiipige moja kwa moja, kivuli tu. Funga flashi kabisa. Simama juu yake simu ikiwa sambamba na picha isipande upande mmoja, na mtu ashike kitambaa cheusi juu yako ili dari lisijirudie kwenye kioo. Piga nyingi, nyingine kwa karibu, kila sura peke yake. Hayo madoa usiyafute kwa kitambaa chenye maji, yaache yalivyo.

Nyuma kama panafikika bila kubomoa piga yale maandishi, kama hapafikiki acha.

Afu kaa na mzee uweke simu irekodi sauti, aguse sura moja moja akwambie huyu nani, alitoka wapi, yule Mchina walimwitaje. Usimharakishe, na kama amechoka endelea kesho asubuhi.

Mdau 7 (Makambako): Nimemsomea ulivyoandika. Anasema wa tatu kutoka kushoto ndo yeye. Anauliza ile picha yako ya treni kwenye kona, zile nguzo tatu zinaonekana zote?

MLETA UZI: Mwambie mbili zinaonekana vizuri, ya tatu imefunikwa na ukungu. Namtumia leo usiku, na nitaichapisha kubwa nimletee mwenyewe Makambako, nina safari ya Mbeya mwezi ujao na sasa naipanda kwa treni.